Fred Singer: mwanafizikia wa satelaiti aliyegeuka mtetezi wa hoja za wenye viwanda

Siegfried Fred Singer, mwanafizikia wa Marekani aliyefariki dunia mwezi Aprili 2020 akiwa na umri wa miaka 95, anakumbukwa kwa mambo mawili yasiyofanana. Katika nusu ya kwanza ya maisha yake ya kazi alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa satelaiti za hali ya hewa. Katika nusu ya pili alipinga matokeo ya sayansi kuhusu moshi wa sigara, tabaka la ozoni na mabadiliko ya tabianchi, akitumia taasisi za utafiti wa sera ambazo baadhi yake zilipokea fedha kutoka kwa viwanda vilivyohusika.

Elimu na utumishi wa umma

Singer alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1924 katika familia ya Kiyahudi. Baada ya Ujerumani ya Wanazi kuitwaa Austria mwaka 1938, alipelekwa Uingereza, kisha akahamia Marekani mwaka 1940. Alipata shahada ya uzamivu ya fizikia katika Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1948.

Kuanzia mwaka 1962 hadi 1964 alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa kituo cha taifa cha satelaiti za hali ya hewa. Baadaye alishika nyadhifa katika Wizara ya Mambo ya Ndani, inayosimamia ardhi na maliasili, na katika Shirika la Kulinda Mazingira la nchi hiyo. Kuanzia mwaka 1971 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Virginia kwa zaidi ya miaka ishirini. Sifa hizo ndizo zilizoyapa uzito maneno yake baadaye, hata alipozungumzia magonjwa ya mapafu, fani ambayo haikuwa yake.

Moshi wa sigara

Mwaka 1990 Singer alianzisha taasisi yake iliyojishughulisha na sayansi na sera za mazingira. Miaka mitatu baadaye Shirika la Kulinda Mazingira, ambalo yeye mwenyewe aliwahi kulitumikia, lilitangaza kwamba moshi wa sigara husababisha vifo vipatavyo 3,000 vya saratani ya mapafu kila mwaka miongoni mwa Wamarekani wasiovuta.

Kwa makampuni ya sigara tangazo hilo lilikuwa hatari kubwa. Hoja kwamba mvutaji hujidhuru mwenyewe kwa hiari yake haikutosha tena, kwa kuwa sasa aliyedhurika ni jirani yake ofisini au mtoto wake nyumbani.

Mwaka 1994 Taasisi ya Alexis de Tocqueville ilitoa ripoti iliyodai kwamba shirika hilo lilikuwa limepotosha sayansi. Singer alikuwa na mchango mkubwa katika ripoti hiyo. Nyaraka za ndani za sekta ya tumbaku, ambazo nyingi ziliwekwa hadharani kutokana na kesi zilizomalizika kwa mapatano mwaka 1998, zilionesha kwamba chama cha ushawishi cha makampuni ya sigara kiliichangia kazi hiyo dola 20,000. Fedha zilipitia kwenye taasisi, na msomaji aliona jina la mtaalamu bila kumwona mlipaji.

Ozoni na tabianchi

Mwezi Septemba 1995 Singer aliliambia Bunge la Marekani kwamba wanasayansi hawajakubaliana kuhusu kuharibika kwa tabaka la ozoni. Wiki chache baadaye Tuzo ya Nobel ya kemia ilitolewa kwa Paul Crutzen, Mario Molina na Sherwood Rowland, watafiti waliofafanua jinsi tabaka hilo linavyoharibiwa.

Kuhusu tabianchi, mwaka 2008 Taasisi ya Heartland ilichapisha ripoti aliyoihariri Singer, iliyopinga hitimisho la jopo la kimataifa la Umoja wa Mataifa. Nyaraka za Heartland zilizovuja mwaka 2012 zilionesha kwamba bajeti yake ilimtengea dola 5,000 kwa mwezi. Taasisi ya Singer pia iliwahi kupokea dola 10,000 kutoka kampuni ya mafuta ya Exxon.

Utetezi wake

Singer alikana kwamba fedha ziliongoza mawazo yake. Alisema mchango wa Exxon ulikuja bila yeye kuuomba, na kwamba binafsi aliuchukia moshi wa sigara. Alichopinga, kwa maelezo yake, ni jinsi takwimu zilivyotumiwa.

Ni kweli kwamba kulipwa hakuthibitishi uongo, na hoja hupimwa kwa ushahidi. Lakini hoja zake zilipimwa. Mwaka 2006 daktari mkuu wa serikali ya Marekani alihitimisha kwamba hakuna kiwango salama cha moshi wa sigara kwa asiyevuta. Hata hivyo, kiwanda hakikuhitaji kushinda mjadala. Kilihitaji uendelee, kwa kuwa kila mwaka wa shaka ulikuwa mwaka mwingine wa mauzo.

Athari katika kanda

Nyaraka hizo zilichangia kuundwa kwa Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005. Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote ni wanachama. Kifungu cha 5.3 kinazitaka serikali zilinde sera za afya dhidi ya maslahi ya wafanyabiashara wa tumbaku.

Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2015, ikipiga marufuku uvutaji katika maeneo ya umma na ndani ya mita 50 kutoka maeneo hayo. Kampuni ya British American Tobacco Uganda iliipinga mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama ya Katiba ilitupilia mbali shauri hilo.

Sheria kama hizo huanza kwa vikao ambamo wataalamu huitwa kutoa maoni. Mkasa wa Singer unaonesha kwa nini, pamoja na kumuuliza mtaalamu amesoma wapi, ni haki ya wananchi kuuliza nani amegharimia utafiti wake.