Neno Hukaa Katikati: Historia Fupi ya Spika za Sinema ya Nyumbani

Nenda dukani leo ukaulizie spika za sinema ya nyumbani, utajibiwa kwa namba: 2.1, 5.1, 7.1, 5.1.2. Juu ya boksi wati zimeandikwa kwa tarakimu kubwa kama namba ya basi. Muuzaji atakuwekea wimbo wenye besi nzito, vioo vya kabati vitatetemeka, nawe utaanza kutoa pochi. Ni nadra sana akuwekee watu wawili wanaozungumza kwa sauti ya chini. Kumbe hicho ndicho kipimo chenyewe. Ukiifuata historia ya vyombo hivi tangu mwanzo, utaona kwamba swali lililowasumbua wahandisi mara kwa mara si mlipuko wala ngurumo. Ni namna ya kulifanya neno lisikike, tena lionekane linatoka mdomoni mwa anayelisema.

Kwa msomaji wa fasihi jambo hili si dogo. Filamu nyingi tunazozipenda zilianza kama riwaya au tamthilia, na maneno ndiyo mali yake. Ukiyapoteza maneno umebaki na picha zinazokimbizana.

Kabla ya kwenda mbali, tuelewane majina. Huku kwetu ukisema risiva, wengi watafikiria kile kisanduku cha dishi. Risiva ya sinema ya nyumbani ni amplifaya yenye ubongo: hupokea sauti kutoka kwenye runinga au deki, huigawa katika chaneli, kisha huisukuma kila chaneli kwenye spika yake. Sabufa nayo mitaani ni jina la seti nzima, lile boksi kubwa pamoja na vispika vyake viwili. Humu sabufa ni spika moja tu, ile ya besi.

Sauti iliyopotea njia

Mwaka 1925 wahandisi wawili wa General Electric nchini Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza spika ya aina mpya: koili ya waya inayocheza ndani ya sumaku na kusukuma koni ya karatasi. Miaka 2 baadaye The Jazz Singer ikawafanya watazamaji waamini kwamba sinema inaweza kuongea. Lakini kuongea ni jambo moja, na sauti kukaa mahali pake ni jambo lingine. Sauti yote ilikuwa ya chaneli moja. Mwigizaji akitembea kutoka kulia kwenda kushoto, sauti yake ilibaki imesimama palepale, kama mtu aliyesahau kivuli chake njiani.

Inasimuliwa kwamba Alan Blumlein, mhandisi wa EMI wa Uingereza, alikerwa na jambo hilo akiwa sinema na mkewe, akamwambia kwamba ana njia ya kuifanya sauti imfuate mtu. Masimulizi tuyaache, hataza ipo: aliiomba Desemba 1931, na ndani yake kuna misingi ya kile tunachokiita leo stirio. Mwaka 1935 alipiga picha za filamu fupi za majaribio, watu wakitembea na kuongea huku sauti zao zikitembea nao. Alikufa mwaka 1942 katika ajali ya ndege, akifanya majaribio ya rada wakati wa vita, kabla stirio haijaingia majumbani mwa watu.

Blumlein alitumia chaneli 2. Ng'ambo ya Atlantiki, maabara ya Bell walikuwa na hoja nyingine. Tarehe 27 Aprili 1933 okestra ya Philadelphia ilipiga muziki mjini mwao, na sauti ikasafiri kwa nyaya za simu hadi Constitution Hall mjini Washington. Kule jukwaani hapakuwa na mpiga ala hata mmoja. Zilikuwapo spika, na kondakta Leopold Stokowski akiwa kwenye swichi. Chaneli zilikuwa 3: kushoto, katikati na kulia.

Kwa nini 3 na si 2? Sababu yake bado inatuhusu sebuleni. Ukiwa na spika 2 na ukakaa katikati kabisa, ubongo wako hutengeneza sauti ya katikati ambayo haitoki popote, kama mzuka. Sogea kidogo pembeni, mzuka unahamia kwenye spika iliyo karibu nawe. Katika ukumbi wa watu mamia, ni wachache sana wanaokaa katikati. Wengine wote walihitaji spika halisi pale mbele.

Kumbi zinafuata

Stokowski yuleyule alirudi mwaka 1940 na filamu ya Walt Disney, Fantasia, iliyoonyeshwa kwa mfumo ulioitwa Fantasound. Sauti ilitoka kushoto, katikati na kulia, na mahali pengine hata pembeni mwa ukumbi. Mitambo yake ilikuwa ghali na mizito kuhamisha, vita navyo vikaingia, na mfumo ukafa baada ya kufika kwenye kumbi chache tu.

Runinga ilipoanza kuwanyang'anya watazamaji, wenye sinema walijibu kwa ukubwa. Cinerama ya mwaka 1952 ilikuwa na chaneli 7, 5 kati yake nyuma ya pazia la picha. Mwaka uliofuata CinemaScope ilikuja na The Robe na chaneli 4: tatu mbele, moja ya kuwazunguka watu. Wenye kumbi wengi walilia gharama, wakarudi kwenye chaneli moja.

Aliyeleta nafuu ni Ray Dolby, aliyefungua maabara yake London mwaka 1965. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni yake iliweza kuzikunja chaneli 4 ndani ya 2 kwenye ukanda wa kawaida wa filamu. Sauti iliyo sawa kushoto na kulia hupelekwa katikati. Sauti ambazo mawimbi yake yanapingana hupelekwa nyuma. Mwaka 1977 Star Wars ikawafundisha wenye kumbi kwamba sauti nzuri inauza tiketi. Miaka 2 baadaye, katika Apocalypse Now, Walter Murch na wenzake waliigawa sauti ya nyuma mara mbili, ili helikopta iweze kukuzunguka. Hapo mpangilio ukakamilika: tatu mbele, mbili nyuma, na besi yake pembeni. Ndiyo 5.1 ya kwenye maboksi ya leo. Hiyo .1 ni chaneli ya mngurumo tu. Haibebi neno hata moja.

Inaingia sebuleni bila katikati

Hapa ndipo historia inapochekesha. Mwaka 1982 Dolby Surround ilipoingia nyumbani kupitia kanda za video, vyombo vyake vilitoa chaneli 3 tu: kushoto, kulia na nyuma. Ile ya katikati, ambayo kumbi ziliihangaikia miaka 50, iliachwa. Nyumbani watu wakarudi kwa mzuka wa katikati. Aliyekaa kwenye kochi la katikati alisikia vizuri, naye kwa kawaida alikuwa mwenye nyumba. Watoto kwenye mkeka wa pembeni walisikia maneno yakitoka kwenye spika iliyo karibu nao. Ilibidi mpaka 1987, kwa Pro Logic, ndipo spika ya katikati ikafika sebuleni.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1995 sauti ya dijitali ya chaneli 5.1 ilifika nyumbani kwa diski za leza, kisha DVD zikaisambaza dunia nzima. Mwaka 2012 Dolby Atmos ilianza kumbini na filamu ya Brave, ikiweka spika darini. Mwaka 2014 ikaingia kwenye risiva za nyumbani.

Tazama sasa tofauti. Risiva ya 1987 haikuijua sauti ya 1995, na ya 1995 haikuijua ya 2014. Spika je? Koili, sumaku na koni: wazo la Rice na Kellogg la 1925 bado ndilo lililomo kwenye spika nyingi madukani. Spika nzuri ya miaka 30 iliyopita, kama mpira wa koni haujaoza, itapiga kwenye risiva ya leo bila kuuliza swali. Basi kama pesa haitoshi vyote kwa pamoja, historia inasema anza na spika. Risiva utaibadilisha tu, upende usipende.

Msimulizi wa kibanda umiza

Huku kwetu tatizo la neno lilitatuliwa kwa njia yetu. Kwenye vibanda umiza vya Tanzania, kwenye kumbi za video za Kampala, na kwenye diski zilizouzwa mitaani Kenya, filamu za Marekani, Hong Kong na India zilipata msimulizi. Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya, ma-VJ kwa Uganda: hushusha sauti ya filamu, kisha huingia na maikrofoni, wakitafsiri, wakitania, wakimpa jambazi jina la mtaani. Spika zilikuwa zilezile zinazokwaruza, lakini hakuna aliyelalamika kwamba haelewi. Neno lilikuwa mbele, kila kitu kingine nyuma yake. Mafundi wa Hollywood wangeweza kujifunza kitu hapo. Mwaka 2014 watazamaji wengi wa Interstellar walilalamika kwamba muziki umemeza mazungumzo, na mwongozaji Christopher Nolan akajibu kwamba alikusudia hivyo.

Wati, boksi na kuta

Namba za wati nazo zina historia yake. Wauzaji wa Marekani walizikuza mpaka serikali ikaingilia: mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliwalazimisha watengenezaji wa amplifaya kutangaza nguvu inayotoka mfululizo, si ya kufumba na kufumbua. Kwenye maboksi mengi yanayofika kwetu utakuta PMPO, ambayo haina kipimo kinachokubaliwa na wote. Tafuta neno RMS, uone ni kwa omu ngapi na chaneli ngapi zikipiga kwa pamoja. Halafu usitishike na tofauti ndogo: ukiongeza wati maradufu unapata desibeli 3 tu. Spika ya desibeli 91 kwa wati 1 inafikia kwa wati 50 kile ambacho ya desibeli 88 inakitafuta kwa wati 100.

Kuhusu ukubwa wa boksi, Edgar Villchur alionyesha mwaka 1954, kwa spika yake AR-1, kwamba boksi dogo lililozibwa linaweza kutoa besi ya chini kweli. Lakini gharama ipo. Josef Anton Hofmann, mmoja wa waasisi wa kampuni ya KLH, aliieleza kama sheria: boksi dogo, besi ya chini, sauti kubwa kwa umeme mdogo, chagua mawili. Anayekuahidi yote matatu kwa bei ya kutupa, mshukuru uendelee na safari.

Kisha kuna chumba. Mwaka 1895 chuo kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambamo mhadhiri hakueleweka: kila neno lilibaki hewani kwa zaidi ya sekunde 5, likigongana na linalofuata. Kijana Wallace Sabine alipewa kazi ya kurekebisha. Usiku alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akapima, akairudisha kabla ya asubuhi. Ndipo akagundua kwamba mwangwi unategemea ukubwa wa chumba na vitu laini vilivyomo. Sebule zetu za kuta za saruji, marumaru chini na madirisha makubwa ni binamu wa ukumbi ule. Zulia, mapazia mazito na rafu iliyojaa vitabu vinaweza kukusaidia kuliko risiva mpya. Wapenda vitabu, hapo mna udhuru halali.

Basi uchague nini?

Anza na spika 3 za mbele, na zitoke familia moja, ili sauti ya mtu isibadilike anapovuka chumba. Ile ya katikati iwekwe chini au juu ya runinga, ielekezwe usawa wa masikio, isifichwe ndani ya kabati. Kushoto na kulia ziwe kila moja nyuzi 30 kutoka katikati, na za pembeni nyuzi 110 hivi, ndivyo viwango vya kimataifa vinavyopendekeza. Sabufa ifuate. Za darini ziwe za mwisho, kama bado kuna senti. Kama pesa inatosha spika 3 nzuri au 7 za hovyo, nunua 3; mbili za nyuma zitakuja mwakani. Kwenye risiva, hakikisha ina kipimo cha kurekebisha kiwango cha kila spika, na tundu la HDMI lenye eARC ili runinga iipelekee sauti yote bila kuipunguza.

Na ukienda dukani, beba filamu yako. Isiwe ya vita. Chukua ile ambayo mama na binti wanagombana jikoni kwa kunong'ona ili mgeni asisikie. Weka sauti chini, kama usiku watoto wamelala. Kaa pembeni, si katikati. Ukilazimika kuegemea mbele ili uyapate maneno, seti hiyo waachie wenye kumbi za harusi.