Simu Moja, Sura Kumi: Menyu Zetu Kutoka Mulika Mwizi Hadi Android

Leo tuweke msimbo pembeni tuzungumze historia kidogo.

Swali ni hili: mbona programu zinazokuja na simu yenyewe, zote watoto wa nyumba moja, hazifanani? Fungua ya ujumbe, kitufe kiko chini. Fungua ya picha, kiko juu. Ingia kwenye menyu ya laini, unakutana na sura nyingine kabisa. Wengi husema hayo ni mambo ya urembo. Lakini kwa mtu aliyesimama sokoni Tulia, kule Kitui, akituma karo ya mtoto, hayo ni mambo ya pesa!

Enzi ya mulika mwizi

Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, na simu zaidi ya milioni 250 za aina hiyo ziliuzwa duniani. Ilikuwa na tochi, ndiyo maana simu za aina hiyo tukaziita mulika mwizi. Chini ya skrini ilikuwa na kitufe kimoja kikubwa. Kazi ya kitufe hicho iliandikwa juu yake kwenye skrini, na ndivyo ilivyokuwa kila mahali: kwenye ujumbe, kwenye majina, kwenye saa ya kuamsha. Kampuni moja ilitengeneza simu na kila kilichomo ndani yake. Ukijua sehemu moja, umejua zote.

Kisha ikaja M-Pesa. Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, na huduma ikazinduliwa rasmi Machi 2007. Waliyoitengeneza hawakuandika programu ya simu jinsi tunavyoijua leo. Walitumia SIM Toolkit, kiwango cha miaka ya 1990 kinachoiruhusu laini kuipa simu maagizo: onyesha orodha hii, omba namba, ficha tarakimu za siri. Laini inasema nini kionyeshwe, simu inaamua kionekane vipi.

Ujanja mkubwa huo! M-Pesa ikafanya kazi kwenye simu ya bei rahisi kabisa, bila intaneti. Lakini sura ya menyu ikawa haina mwenyewe. Huku "Sawa" iko kushoto, kule iko katikati. Simu hii inaonyesha orodha nzima, ile kipengele kimoja kimoja. Ndiyo maana wengi hawakujifunza kwa kusoma bali kwa vidole: shuka mara moja, bonyeza, andika namba, bonyeza. Susu aliyezoea hivyo, mjukuu akimnunulia simu nyingine, anaanza darasa la kwanza upya.

Android inabisha hodi

Mwaka 2011 Safaricom ilileta Huawei IDEOS, Android ya takriban dola 80. Kwa Wakenya wengi hiyo ndiyo iliyokuwa simu janja ya kwanza. Ilikuja na Android 2.2, na humo ndani kila chumba kilikuwa na fundi wake. Mipangilio ilikuwa na mandhari nyeusi, ujumbe mandhari nyeupe. Programu za barua pepe zilikuwa mbili, Gmail na nyingine iliyoitwa Email, kila moja na desturi zake. Ghala la picha liliundwa pamoja na kampuni ya nje, Cooliris, likarukaruka na kupepea kuliko programu nyingine zote. Halafu kulikuwa na kitufe cha Menyu: ukikibonyeza huku vinatokea vipengele sita, kule hakitokei kitu, na skrini haikukupa dalili yoyote kabla ya kujaribu.

Wazee wetu Ukambani wanaijua shida hii kwa jina lingine. Kikundi cha mwethya kinapochimba matuta shambani, watu huja na nguvu zao, lakini lazima kwanza mstari upimwe. Kila mtu akichimba kwa kimo chake, mvua ya kwanza inabeba tuta lote. Android ya mwanzo ilikuwa na wachimbaji hodari. Mstari ndio haukuwapo.

Google waliliona hilo. Mwaka 2010 walimchukua Matías Duarte kutoka Palm aongoze ubunifu wa Android. Oktoba 2011 ikatangazwa Android 4.0, yenye fonti mpya ya Roboto na upau wa vitufe juu ya skrini. Januari 2012 wakatoa mwongozo wa ubunifu kwa watayarishaji wa programu, na Juni 2014 wakatangaza Material Design. Mstari umepimwa!

Tatizo ni kwamba mstari mpya haukuyafikia mashamba ya zamani. Simu nyingi za bei nafuu zilibaki na toleo zilizonunuliwa nalo, na watengenezaji wengine wakaongeza rangi zao juu. Nyumba moja ikawa na simu tatu za vizazi vitatu.

Programu iliyosahauliwa

Hapa ndipo penye uchungu. Kwenye Android, menyu ya laini nayo ni programu mojawapo ya zile za ndani. Wakati Gmail na Ramani zikivishwa nguo mpya, hii ilibaki orodha tupu. Huko Marekani nani anaifungua? Kwetu ilikuwa benki.

Tazama majina. Umehifadhi namba ya ndugu yako kwenye simu, unaiona kabisa kwenye orodha ya majina. Ukiingia M-Pesa na kuchagua kutafuta jina, menyu inatafuta yaliyohifadhiwa kwenye laini tu. Ndugu hayupo! Unatoka kwenda kuiangalia namba, ukikawia menyu inajifunga, unaanza upya. Mwishowe unaandika kwa kukumbuka, na tarakimu moja ikikosewa pesa zimeenda kwa mtu usiyemjua.

Safaricom baadaye ikaongeza Hakikisha, inayoonyesha jina la mpokeaji. Wazo zuri sana, limeokoa wengi. Lakini ilivyokuja, kusimamisha muamala kulihitaji uandike herufi au namba yoyote na kuituma kabla ya sekunde chache kwisha. Ukinyamaza, umekubali. Kila mahali pengine kwenye simu ileile, kuandika kitu na kubonyeza "Sawa" ni kukubali. Hapa ni kukataa. Mtu akikosea hapo utamlaumu yeye?

Mwaka 2021 ikaja programu kamili ya M-Pesa, na mengi ya hayo yakatengenezwa humo. Lakini inataka simu janja, na mulika mwizi hazijaisha sokoni.

Tunaoandika programu tunajifunza nini?

Kwanza, tabia ya mtumiaji ni mali yake. Ukihamisha kitufe, umempokonya kitu. Pili, neno moja lifanye kazi moja kila mahali, hasa neno la kukataa. Tatu, usipime umuhimu wa programu kwa jinsi wewe unavyoitumia. Ile orodha tupu isiyotazamwa na mbunifu yeyote ndiyo iliyobeba karo, dawa na mbegu za msimu.

Basi kabla ya kubadilisha menyu yako wiki ijayo, fanya kama jina la soko lile linavyosema: tulia.