Mikoko ya Tudor inaanzia kwenye mitaro ya Ziwa la Ng'ombe

Nakaa Ziwa la Ng'ombe. Kila ikitajwa habari ya kulinda mikoko, majirani zangu husema hiyo ni kazi ya wavuvi wa Junda na Mishomoroni, kwani sisi huku hata bahari hatuioni. Nataka kueleza kwa nini kazi hiyo ni yetu pia, na sheria inatupa nafasi gani.

Tuanze na ardhi. Kisauni na Nyali zimekaa kati ya maji mawili. Mashariki iko bahari kuu, na magharibi liko hori la Tudor, mkono wa bahari ulioingia bara kuelekea Rabai. Kule ndani mito miwili ya msimu, Kombeni na Tsalu, hushusha maji kutoka upande wa Mariakani. Hapo maji baridi hukutana na ya chumvi, na ndipo kamba, kaa na samaki wengi hukulia.

Chini yetu ni mchanga na mwamba wa matumbawe wenye matundu. Uchafu wa choo cha shimo hushuka mpaka kwenye maji ya kisima, kisha hujikokota taratibu kuelekea baharini. Watafiti wamepima visima vya Kisauni na kukuta vijidudu vya kinyesi. Kwa hivyo uchafu unaomfikia kaa wa Tudor hupitia kwanza kwenye ndoo ya mtoto wetu. Maji ya mvua nayo hufuata mkondo, yakabeba plastiki, mafuta ya gereji na udongo.

Udongo pekee huweza kuua. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi katika hori la Mwache, upande wa Port Reitz. Tope lilifukia mizizi ambayo mikoko hupumulia, na eneo kubwa likakauka. Kosa halikuwa la shoka peke yake. Mashamba ya juu yaliyobaki wazi yalichangia.

Ndiyo maana kupanda si kuchomeka miche popote penye tope. Mlilana hukaa mbele kwenye maji mengi, mkoko hufuata nyuma yake, na mkandaa hupenda juu, yanakofika maji ya bamvua. Mche uliopandwa pasipo pake hufa hata ukipigwa picha na wakubwa. Vikundi vya vijana na wavuvi kandokando ya Tudor vimekuwa vikiotesha miche na kuipanda, lakini mfuko mmoja wa plastiki ukijaa maji na kumlalia mche, kazi ya miezi imekwenda.

Mifano ya kutia moyo iko. Makupa, tuta la zamani lililozuia maji kupita liliondolewa, na daraja likafunguliwa 2022. Sasa maji yakijaa na kupwa yanapita tena. Gazi na Makongeni, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117. Tangu 2013 wanavijiji wamekuwa wakiuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo, na pesa zimeingia katika maji ya bomba na shule. Hawakufika hapo kwa kupanda peke yake. Walijiunga kisheria na kutia saini mkataba na Shirika la Huduma za Misitu.

Nasi mlango huo tunao. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, na Sheria ya Misitu ya 2016 inaruhusu jamii kuunda chama cha kuusimamia pamoja na serikali. Sheria ya Maji ya mwaka huo huo inatambua vyama vya watumiaji maji. Wavuvi wana BMU zao. Katiba ya 2010, kifungu cha 70, inamruhusu yeyote kwenda mahakamani mazingira yakiharibiwa, bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara.

Maoni yangu ni kwamba Ziwa la Ng'ombe isingoje kualikwa siku ya kupanda miti. Tukiitwa kwenye vikao vya bajeti ya kaunti, tudai mambo matatu: mitaro izibuliwe kabla ya masika, si baada ya nyumba kujaa maji, pawe na gari la kunyonya vyoo kwa bei ambayo mpangaji na mwenye nyumba wanaiweza, na visima vipimwe, majibu yabandikwe msikitini, kanisani na kwa chifu. Nyumbani, tusichimbe choo karibu na kisima, wala tusitupe taka mtaroni kwa kutegemea mvua ije ikachukue. Mvua huchukua kweli, na huzipeleka kwa mvuvi ambaye kesho tutamuuliza kwa nini samaki ni ghali.