Moto na majengo ya mawe ya Kilwa

Moto na majengo ya mawe ya Kilwa ni suala la historia na ujenzi linalohoji kama moto unaweza kuangusha nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa katika pwani ya Waswahili. Kuta za Kilwa Kisiwani, mji wa kale katika pwani ya Tanzania, hazishiki moto. Udhaifu uko juu, kwenye boriti za mikoko zilizobeba dari nzito za mawe na chokaa. Boriti zikiungua, dari huporomoka. Ukuta wenyewe hudhurika kwa joto kali la muda mrefu: matumbawe yakifikia takriban nyuzi 900 za Selsiasi hugeuka chokaa, kama yanavyochomwa tanurini.

Ushahidi wa karibu ni Mombasa, iliyochomwa na kundi la meli za Mreno Francisco de Almeida Agosti 1505, wiki tatu hivi baada ya kuiteka Kilwa. Taarifa ya msafara huo yataja nyumba nyingi kuanguka. Hata hivyo, moto si maelezo ya kila gofu. Mvua, mizizi na mmomonyoko wa bahari vimeharibu mengi Kilwa, iliyoorodheshwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981.