Alama 45 Mpakani: Historia Fupi ya Usahihishaji Vyuoni Busia na Tororo

Kati ya 1963 na 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chini ya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Kilipovunjwa, kila nchi ilijiwekea viwango vyake. Athari zake hudhihirika mpakani. Chuo Kikuu cha Busitema, chenye kampasi ya Nagongera wilayani Tororo, kilianzishwa 2007. Alupe, katika Busia ya Kenya, kilipewa hati 2022. Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya, alama 40 ni kufaulu na 70 ni daraja A. Nchini Uganda, aghalabu ni 50 na 80. Hivyo alama 45 hufaulisha upande mmoja na kufelisha upande wa pili. Hata hivyo, kubadili alama kwa jedwali hakutoshi, kwa kuwa msahihishaji hutoa alama akijua kiwango cha kufaulu kilipo. Mfumo wa kikanda wa sifa za elimu ya juu wa 2015 ulilinganisha ngazi za shahada, si usahihishaji wenyewe. Haki yadai wahadhiri wa pande zote mbili wasahihishe sampuli zilezile za majibu kwa mwongozo mmoja, na wabadilishane watahini wa nje, kabla ya alama kulinganishwa.