Riwaya ya Mwisho wa Dunia Iliyowagawa Wasomaji kwa Karibu Miaka 200

Ukimtaja Mary Shelley, watu wengi watakujibu "Frankenstein", basi. Wachache wanajua kwamba miaka minane baadaye, mwaka 1826, mwandishi huyo huyo alitoa riwaya ndefu zaidi na yenye huzuni zaidi: The Last Man, yaani Mtu wa Mwisho. Ni juzuu tatu kuhusu tauni inayowamaliza wanadamu wote mpaka anabaki mmoja tu.

Wasomaji wake hawajawahi kupatana. Kuna wanaosema ni kitabu kikubwa kuliko Frankenstein. Kuna wanaosema kinachosha, hakina sayansi, na nusu yake ingekatwa bila mtu kugundua. Hebu tuwasikilize wote, maana ukiufuatilia ugomvi huu tangu mwanzo unakutana na historia nzima ya namna watu walivyokuwa wakiyafikiria magonjwa.

Kisa chenyewe kwa ufupi

Hadithi inaanza mwaka 2073. Mfalme wa mwisho wa Uingereza ameachia kiti na nchi imekuwa jamhuri. Msimulizi ni Lionel Verney, kijana maskini aliyekulia kwenye kuchunga kondoo, akainuliwa na rafiki yake Adrian, mtoto wa mfalme huyo. Juzuu ya kwanza karibu yote ni mapenzi, urafiki na siasa. Tauni inajitokeza kwenye kingo za mto Nile, inaushika mji wa Constantinople (Istanbul ya leo) wakati Wagiriki wameuzingira, kisha inasambaa. Wakati wa baridi inapoa, joto likirudi nayo inarudi. Waingereza waliosalia wanavuka kwenda Ufaransa, halafu wanaelekea Uswisi wakitafuta hewa ya baridi ya milimani. Mwaka 2100 Verney yuko Roma, yeye na mbwa wake tu.

Waliokipinga mwanzo

Wahakiki wa London hawakuwa na huruma. Wengine walisema kitabu kimetoka kwenye akili mgonjwa. Gazeti moja lilimkejeli mwandishi kwamba heri angeandika juu ya mwanamke wa mwisho, maana angeielewa vizuri zaidi shida ya kukosa mtu wa kupiga naye soga.

Sehemu ya dharau hiyo ilitokana na uchovu. Tayari Lord Byron alikuwa ameandika shairi kuhusu jua kuzimika mwaka 1816, na Thomas Campbell akatoa lake kuhusu mtu wa mwisho mwaka 1823. Watu walishaona inatosha. Lakini kulikuwa na jambo zito zaidi. Wazo kwamba aina nzima ya viumbe inaweza kutoweka lilikuwa bado jipya. Georges Cuvier alilitetea kwa ushahidi wa mifupa ya tembo wa kale mwaka 1796, miaka 30 tu kabla ya riwaya hii. Mnyama kutoweka, sawa. Ila kusema binadamu naye anaweza kufutwa na dunia ikaendelea kuota maua kana kwamba hakuna kilichotokea, hapo wasomaji wengi waliona wametukanwa.

Kuna pia waliokisoma kama kilio cha mjane, na hawakukosea sana. Mumewe, Percy Shelley, alikufa maji huko Italia mwaka 1822. Rafiki yao Byron alifariki Ugiriki mwaka 1824. Kati ya watoto wanne waliozaliwa hai, Mary alibaki na mmoja. Adrian wa kwenye riwaya anafanana sana na Percy, na Lord Raymond, mpenda sifa na vita, anafanana na Byron. Kitabu kilitoka bila jina lake, kikitajwa tu kuwa ni cha mwandishi wa Frankenstein, kwa sababu baba mkwe wake hakutaka kuona jina la ukoo magazetini. Wahakiki wakamtaja hata hivyo, na mzee akamkatia kwa muda fedha alizokuwa akimpa kwa ajili ya mjukuu.

Baada ya toleo la Marekani la mwaka 1833, riwaya haikuchapishwa tena hadi 1965. Zaidi ya miaka 130!

Ugonjwa uliokuwa tayari njiani

Sasa angalia hili. Mwaka 1817 kipindupindu kilitoka Bengal na kuanza safari. Mwaka 1821 kilifika Muscat, na mwaka huo huo kiliingia pwani yetu ya Afrika Mashariki. James Christie, daktari aliyefanya kazi Zanzibar, alipoandika kitabu chake cha mwaka 1876 kuhusu milipuko ya kipindupindu huku kwetu, aliianza hesabu yake na mwaka huo wa 1821. Uingereza kiliingia mwaka 1831.

Kwa hiyo wahakiki wa London walipokuwa wakicheka mwaka 1826, watu wa Muscat na wa pwani ya Waswahili walikuwa wameshazika. Miaka mitano baadaye ikawa zamu ya Waingereza. Swali la kama tauni ya dunia nzima ni upuuzi lilitegemea sana umekaa bandari gani.

"Mbona hawajifungii ndani?"

Hili ndilo lalamiko la wasomaji wengi wa leo, hasa waliopita kipindi cha Covid. Mbona hakuna karantini ya maana? Mbona wanasafiri makundi kwa makundi?

Jibu liko kwenye sayansi ya wakati ule. Kabla ya kazi za Louis Pasteur na Robert Koch katika nusu ya pili ya karne ya 19, hakuna aliyeweza kuonyesha kijidudu na kusema "huyu ndiye". Madaktari waligawanyika pande mbili. Upande mmoja ulisema ugonjwa unapita kutoka mtu hadi mtu, kwa hiyo fungeni bandari. Upande wa pili ulisema unatokana na hewa iliyochafuka, kwa hiyo karantini inaua biashara bure. Shelley anaichukulia tauni yake kuwa ya hewa. Msimulizi anaeleza wazi kwamba haiambukizi kama yanavyoambukiza magonjwa mengine.

Hapohapo anataja ndui, na anaitaja kama ugonjwa uliokwisha kutoweka duniani. Chanjo ya Edward Jenner ilikuwa na miaka 30 tu. Mwandishi alidhani kufikia mwisho wa karne ya 21 ndui itakuwa historia, na hata hapo alikadiria mbali mno. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha. Anayedai riwaya hii haina imani na sayansi arudi kwenye mstari huo mmoja.

Lalamiko la pili la kisayansi lina nguvu zaidi: ugonjwa kuua kila mtu ni jambo gumu sana. Mwaka 1950 Australia ilisambaza virusi vya miksomatosi ili kupunguza sungura. Mwanzoni viliua zaidi ya asilimia 99 ya sungura walioambukizwa. Ndani ya miaka michache aina za virusi zilizo dhaifu kidogo zikatamalaki, kwa sababu sungura anayechelewa kufa anavisambaza zaidi, na sungura waliosalia wakazaa watoto wenye kinga nzuri zaidi. Tauni ya Shelley haifuati kanuni hiyo. Hapa wapinzani wameshinda, tuseme ukweli.

Sehemu inayotuuma

Kuna tukio moja ambalo msomaji wa Afrika hawezi kulipita hivi hivi. Verney ndiye pekee anayeugua tauni akapona. Anaipata pale anapoingia nyumbani na kushikwa na mtu mweusi anayekufa, asiye na jina. Verney anamsukuma kwa kinyaa, lakini ameshaivuta pumzi yake.

Wahakiki wa siku hizi wanabishana. Baadhi wanaona hapo kitu kama chanjo: mguso wa yule aliyetupwa ndio unaomwokoa Verney. Wengine wanasema ni picha ya kibaguzi ya kawaida ya zama zile, ugonjwa kupewa sura ya Mwafrika, kama ulivyopewa chanzo cha Nile. Sisi tunaona ushahidi wa pande zote mbili uko mumo humo ukurasani. Mwandishi alimpa mtu yule nafasi kubwa kuliko wote kwenye hatima ya msimulizi, na hakumpa hata jina.

Je, juzuu ya kwanza ingekatwa?

Tumerudi kwenye ugomvi mkubwa: urefu. Wanaotaka kasi wanaichukia juzuu ya kwanza. Mamia ya kurasa za nani anampenda nani na nani atatawala, tauni yenyewe hata haijabisha hodi. Na dunia ya mwaka 2073 ina baluni za kusafiria angani, lakini watu bado wanapanda farasi.

Wanaoitetea wanasema hasara haipimwi kwa hesabu ya maiti. Huwezi kuumia kwa kifo cha mtu uliyemjua kwa kurasa tatu. Siasa zile zinazoonekana kubwa juzuu ya kwanza zinakuja kuwa si kitu juzuu ya tatu, na huwezi kuhisi zikipungua kama hukuziona zikiwa kubwa. Sisi tuko upande huu.

Riwaya inajali pia jinsi watu wanavyofikiri wakiwa na hofu. Huko Ufaransa anajitokeza nabii wa uongo anayewaambia wafuasi wake kwamba wateule hawaugui, huku akificha vifo vinavyotokea ndani ya kundi lake. Shelley aliandika hilo bila kujua chochote kuhusu virusi.

Kisha yuko Merrival, mnajimu. Huyu anapiga hesabu za mhimili wa dunia na namna maelfu ya miaka ijayo kutakuwa na majira mazuri duniani kote. Tauni inaua kila siku, familia yake inataabika, yeye yuko kwenye hesabu zake. Anashtuka pale mkewe na watoto wake wanapokufa, na muda umeshapita. Hesabu za Merrival hazikuwa na kosa lililomponza. Hakuinua tu macho.

Kwa mwanafunzi wa sayansi, sura hiyo peke yake inatosha kukifanya kitabu kisomwe. Haki miliki yake iliisha zamani, kwa hiyo kinapatikana bure mtandaoni. Ikikushinda juzuu ya kwanza, anza na ya pili, halafu rudi nyuma. Utawajua wale watu kwa kuwapoteza kwanza, na huenda ukaona zile kurasa za mapenzi na siasa hazikuwa nyingi hivyo.