Mkataba Wasema Nini, Kazi Yasema Nini?

Sisi wahakiki humsifu mwongozaji, fundi tukamsahau. Mwaka 2005 Mahakama Kuu Kabisa ya New Zealand iliamua kuwa mtengeneza modeli wa filamu za "The Lord of the Rings", aliyepunguzwa kazini, alikuwa mwajiriwa, ingawa mkataba ulimwita mkandarasi. Mahakama ilitazama kazi yenyewe, siyo jina tu. Mwaka 2010, mgogoro wa "The Hobbit" ukazuka; filamu ikaelekea kuhamishwa. Basi serikali ikaongeza ruzuku, na Bunge likapitisha sheria chapuchapu: mfanyakazi wa filamu asiye na mkataba wa ajira ni mkandarasi, yamekwisha! Eti likizo ya malipo aitafute wapi? Sheria ya 2022 iliwapa nafasi ya kujadiliana kwa pamoja, lakini ukandarasi ukabaki. Filamu iliyolipiwa na umma ihakikiwe pamoja na mikataba yake.